Kanuni ya Kuazima katika Usemi wa Taarifa

Vimo vitabu vya sarufi ya Kiswahili vinavyoamuru kwamba usemi halisi ukigeuzwa kuwa usemi wa taarifa, kila kitenzi hakina budi kurudi nyuma hatua moja: “naumwa” iwe “alikuwa akiumwa”, na “nitakuja” iwe “angekuja”. Mwanafunzi aandikaye “Juma alisema atakuja” hukatwa alama. Sisi twasema kwamba anadhulumiwa.

Kanuni hiyo ni ya Kiingereza, na kwa wenyewe yafaa. Kwao “I am ill” hugeuka “he said that he was ill”, na “will” huwa “would”. Hata hivyo, kitenzi cha utangulizi kikiwa cha wakati uliopo, hakuna kinachorudi nyuma. Wala jambo lililo kweli daima, kwamba dunia ni duara, halilazimiki kugeuzwa. Wanaotuazimia kanuni wameziacha nyuma hata ruhusa zake!

Kiswahili huhesabu wakati tangu pale msemaji aliponena. “Alisema anaumwa” ni kusema kwamba maumivu yalikuwapo alipofumbua kinywa. “Alisema alikuwa akiumwa” huelekea kutwambia kwamba yamekwisha. Muuguzi akipelekewa habari ya pili badala ya ya kwanza, huenda asiharakishe.

Ubaya zaidi umo katika -nge-. “Would” ya Kiingereza ina kazi mbili: kutaja lililokuwa bado kutokea, na kutaja lenye sharti. Kifaransa nacho, wanachokijua jirani zetu wa Burundi na Kongo, hutumia umbo moja kwa kazi hizo mbili. Lakini -nge- yetu kazi yake hasa ni sharti. Ukisema “Baba alisema angekuja”, msikilizaji hungoja: angekuja kama nini? Amezuiliwa na nini? Twajua kwamba magazeti yamejaa -nge- ya namna hiyo, na wako wajuzi wanaoitumia. Hatudai wanyamazishwe. Ila kuiruhusu ni jambo moja, na kuwalazimisha watoto waiandike, huku “atakuja” ikipigwa mkasi mwekundu, ni jambo jingine kabisa.

Yapo mengi ya kufundisha katika somo hili. Nafsi hugeuka: “mimi” huwa “yeye”. “Kesho” huwa “siku iliyofuata” ikiwa siku zimepita. Habari ikitolewa siku ile ile, “kesho” hubaki kesho. Swali la “Je, umekula?” huwa “alimwuliza kama amekula”. Amri ndiyo yenye uzuri wake: “Njooni!” huwa “aliwaambia waje”, na ile -e ya mwisho yatosha kubeba agizo lote. Hapa pia, kwa kufuata Kiingereza, tumeanza kusoma “aliwaambia kuja”.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wengi watakaolifundisha somo hilo wamesomea kwa Kiingereza, na kanuni hii wataiona ya kawaida kwa kuwa wameizoea kwingine. Basi twawaomba watunzi wa mitihani, kabla ya karatasi zijazo kupigwa chapa, waandike katika mwongozo wa kusahihisha kwamba “alisema atakuja” ni jibu sahihi, lipewe alama zake zote.