Kiwanda cha saruji kikija Kitui, nani ataingia ndani ya tanuri?

Mawe ya chokaa ya Mutomo na Ngaaie yakitajwa, neno linalofuata ni ajira. Tena tangu Sheria ya Fedha ya 2023 iweke ada ya asilimia 17.5 kwa kilinka inayotoka nje, kuichoma hapa nyumbani kunaonekana biashara tamu zaidi. Sawa. Lakini ajira gani?

Kilinka ni zile kokoto za kijivu zinazosagwa kuwa saruji. Hupikwa kwenye tanuri refu la chuma linalozunguka, kwa joto la kama nyuzi 1,450. Chuma kitupu hakiwezi kuhimili joto hilo. Kinachokiokoa ni ukuta wa matofali ya moto kwa ndani, na anayeupanga ni mwashi.

Usidhani ni mjengo wa kawaida. Mtaani ukipinda kidogo, plasta inaficha. Humu hakuna plasta. Matofali huchongwa upande mmoja mwembamba ili yabanane kama tao, pete baada ya pete. Lile la kufunga likilegea, pete nzima yaweza kuporomoka tanuri likizunguka. Penye moto mkali zaidi huwekwa ya magnesia, kwingine ya alumina. Lazima uache nafasi, kwa sababu tofali hutanuka. Halafu moto hupandishwa polepole, maana unyevu ukigeuka mvuke ghafla, unapasua kazi yote. (Na vumbi lile, bila barakoa ya maana, ni mapafu yako.)

Ukuta huo huchakaa, kwa hivyo kazi hurudi. Ila tanuri likisimama, kila siku ni hasara, na mwenye kiwanda ataita timu inayojua. Kama hujui, utabebeshwa matofali tu.

Wa Makueni, barabara ya Mombasa inawafikisha Athi River, kwenye viwanda vya saruji. Wa Kitui, mnayo Sheria ya Madini ya 2016: mwenye leseni ya uchimbaji mkubwa anatakiwa kuweka makubaliano na jamii. Mafunzo yanaweza kuandikwa humo. NITA hupima waashi kwa madaraja, la tatu hadi la kwanza, kwa hivyo hata wewe uliyejifunzia mjengoni unaweza kuanza na cheti.

Baraza likiitishwa, usiulize idadi ya kazi pekee. Uliza ni vijana wangapi watajifunza kupanga matofali hayo kabla tanuri halijawashwa, na nani atalipia.