Karafuu na Dhahabu

Wenzetu wa Unguja wanatupa fundisho. Seyyid Said bin Sultan alihimiza kilimo cha karafuu, na nchi ikatajirika, ingawa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ikapandwa mingine. Hata hivyo, nchi iliyotegemea zao moja ilitikisika kila bei iliposhuka.

Sisi wa Shinyanga na Geita tuna almasi na dhahabu, ambazo zikichimbwa hazipandwi tena. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, ukafunguliwa mwaka 2000. Iko siku utafungwa usifunguliwe tena. Basi, ndugu makarani, yatupasa kuandika hesabu za ushuru wa madini kwa uaminifu, na kutaka fedha hizo zijenge shule na visima. Mali ya ardhini huisha, elimu hurithiwa.