Haki ya Kupewa, Si Haki ya Kutafuta

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatumia neno ambalo viongozi na wasomi wetu hulipita haraka mno. Haiishii kusema kwamba raia yuko huru kutafuta habari. Inaongeza kwamba kila mtu anayo haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Kupewa. Kitenzi hiki kina mtendaji aliyefichika: kama yupo anayepewa, hapana budi awepo anayepaswa kutoa. Makala haya yanamhusu huyo anayepaswa kutoa, na ushahidi wangu nitauchukua katika wilaya mbili za Mkoa wa Lindi: Ruangwa na Nachingwea.

Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, yanayotafutwa duniani kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Miradi miwili inayotajwa zaidi, Nachu na Chilalo, ilikuzwa na kampuni zilizoorodheshwa katika soko la hisa la Australia. Kanuni za soko lile zinaitaka kampuni itangaze bila kuchelewa taarifa yoyote inayoweza kugusa bei ya hisa zake. Kwa hiyo mtu aliyeko Sydney au Perth, ambaye huenda hajawahi kukanyaga vumbi la Ruangwa, huletewa habari za Ruangwa kwa Kiingereza safi, hata ndani ya sanduku lake la barua pepe. Aprili 2023 Serikali yetu ilipotia saini mkataba kuhusu Chilalo, wenye kuipa asilimia 16 ya hisa kama sheria ya madini inavyodai, mwenye hisa wa ng'ambo alitangaziwa kwa maandishi, kwa lugha yake. Mwenye shamba alikuwa na redio, uvumi, na ofisi ambayo angeweza kwenda kuuliza.

Simlaumu mwenye hisa. Ametendewa kama anavyostahili kutendewa kila mtu ambaye mali yake iko hatarini. Ninachohoji ni kwa nini shamba la mikorosho, ambalo ndilo urithi wote wa familia, halihesabiwi kuwa ni mali inayotosha kumpatia mwenyewe waraka wa ukurasa mmoja.

Mtindo huu ni wa kale. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa karanga, Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa Tanganyika, pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ule uliwasilishwa bungeni London, ukajadiliwa magazetini London, na mwaka 1951 ukazikwa London, baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea nayo iliachwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwenyeji wa Nachingwea aliusoma mpango ule kwa macho ya kichwa tu: aliona matrekta yakija, kisha akaona matrekta yamesimama.

Sisi tunaoandika leo, wahadhiri, watafiti na wanaharakati, tumeurithi mtindo huo bila haya. Tunakwenda Ruangwa na madodoso, tunarudi mjini na majibu, kisha tunayachapisha kwa Kiingereza katika majarida ambayo kuyasoma hulipiwa kwa dola. Ukimuuliza mwenzetu kwa nini hakuwarudishia chochote wale aliowahoji, atakwambia kazi yake iko wazi kwa yeyote anayeihitaji. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Methali hiyo naijua. Ninachouliza ni nani aliyekiweka uvunguni.

Hoja yangu, basi, ni hii: anayeandika kuhusu mambo ya umma ana wajibu wa kuwa na waraka wa habari, unaotoka kwa tarehe inayojulikana na kumfuata msomaji aliyeuomba, mahali alipo na kwa njia anayoimudu.

Wapo watakaosema mitandao ya kijamii imekwisha kuifanya kazi hiyo. Haijaifanya. Wafuasi elfu kumi unaojivunia si wasomaji wako. Ni wateja wa kampuni iliyoko ng'ambo, ambayo huamua kila siku nani aone maneno yako na nani asiyaone. Mei 2025 mtandao wa X ulipozuiwa nchini, wenye maelfu ya wafuasi walibaki na hesabu ya watu wasioweza kuwafikia ila kwa njia za kificho. Mwandishi asiyejua msomaji wake anapatikana wapi hana msomaji. Ana hadhira ya kuazima.

Wapo pia wanaokubali hoja ya waraka kisha wakaipunguza hadi ikawa barua pepe. Nao wanakosea. Barua pepe, Nachingwea, ni chombo cha watu wenye meza: mtumishi wa halmashauri, mwalimu, ofisa wa benki, mwanafunzi aliyerudi likizo. Mkulima anayo anwani pia, lakini mara nyingi alifunguliwa na kijana wa dukani siku aliponunua simu, na nywila ikabaki dukani. Anayemtumia mkulima huyo barua pepe anajitumia mwenyewe sifa ya kuwa mshirikishi.

Hata mtandao wenyewe si nguzo ya kuegemea peke yake. Mwanzoni mwa Mei 2024, katika siku za kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, eneo la Somanga. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za intaneti zipitazo chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na huduma ikazorota nchi nzima. Njia mbili zilifungwa katika mwezi mmoja. Waraka wa kusini lazima uandikwe ukijua kwamba siku moja utasafiri kwa miguu: karatasi moja, Kiswahili kinachosomeka kwa sauti, maneno yasiyozidi dakika kumi. Mwenye barua pepe atumiwe, mwenye WhatsApp apate picha isiyomla bando, na nakala iliyochapwa ibandikwe kwenye ubao wa AMCOS na kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu.

Uandike nini? Uandike kile ambacho kukikosa kunamgharimu mtu fedha au ardhi. Korosho za wilaya hizi na jirani yao Liwale huuzwa kwa mnada kupitia chama kikuu cha ushirika, RUNALI, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima huikabidhi mali yake ghalani na kusubiri bei iliyoamuliwa mahali asipokuwapo. Kati ya bei ya mnada na fedha inayomfikia mkononi kuna makato. Waraka unaotaja bei ya mnada wa wiki na kila kato kwa jina lake una uzito kuliko insha zangu kumi kuhusu demokrasia. Mwaka 2018, bei za wanunuzi zilipokataliwa na Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, swali la kila kaya lilikuwa moja: uhakiki utafika lini kwetu, na malipo lini? Pale ambapo jibu la maandishi halifiki, kangomba hufika, na kangomba huja na fedha taslimu na bei ya mtu mwenye njaa.

Watakaoniambia kwamba karatasi ni jambo dogo wasome historia ya uhuru wetu. Mwaka 1957 TANU ilianza kutoa Sauti ya TANU, jarida dogo lililochapwa kwa stensili. Kwa makala iliyowashutumu mabwana shauri wawili, Julius Nyerere alishtakiwa mwaka 1958 kwa kashfa ya jinai, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Dola haiburuti mtu mahakamani kwa karatasi isiyofika kokote. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi wa Dar es Salaam, Cheche, nalo la stensili, lilipigwa marufuku likiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Matoleo yale hayakuwa na urembo wowote. Nguvu yake ilikuwa kwamba yalitoka mkono mmoja na kupokewa na mkono mwingine.

Hapa ndipo penye hatari, na mwandishi mwadilifu haifichi. Anayetuma waraka ana orodha ya majina, na orodha ya wanaosoma maoni ya ukosoaji ni kitu ambacho mwenye nguvu angependa kukiona. Mwanafunzi atapoteza usingizi kwa hilo; mtumishi wa umma anaweza kupoteza zaidi ya usingizi. Programu nyingi za kutuma barua kwa watu wengi humwonyesha mtumaji nani ameifungua na saa ngapi. Wenzetu huzifurahia takwimu hizo. Mimi naziona kama daftari la mahudhurio ambalo hakuna msomaji aliyekubali kulitia saini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imekwisha kuweka msingi: taarifa za mtu hukusanywa kwa kusudi linalojulikana na kutumika kwa kusudi hilo. Mwandishi wa waraka na aende mbele ya sheria. Asimwandike mtu ambaye hakuomba. Kujitoa kuwe kwepesi kama kujiunga. Achukue anwani au namba ya simu, basi; asiulize cheo, kijiji wala chama. Azime vipimo vya kumchungulia msomaji. Orodha asiiuze wala kuiazimisha, hata kwa mgombea aliye rafiki yake, hata kwa shirika linalomfadhili. Taarifa usiyoikusanya haiwezi kuibwa, wala huwezi kulazimishwa kuitoa.

Nasema haya kwa watu watatu. Mwanafunzi unayerudi Ruangwa au Nachingwea likizo: tasnifu yako ina muhtasari wa Kiingereza kwa ajili ya msimamizi wako, andika na ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya waliokujibu maswali, uufikishe mwenyewe. Mwanaharakati: hesabu vijiji vilivyosoma, acha kuhesabu wafuasi. Mtumishi wa umma: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa siku 30 za kumjibu raia anayeuliza, lakini Katiba iliyo juu yake haikusema usubiri kuulizwa. Mapato na matumizi, ratiba ya uthamini wa fidia, tarehe za malipo: vyote viko mezani kwako, na karatasi ya kuviandikia ipo.

Mwenye hisa wa Perth ataletewa taarifa yake bila kuinama. Mwenye shamba wa Ruangwa hadai zaidi ya hapo.