Tairi Lililozeeka si Akiba

Barabara itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa, ikafika Karatu na hatimaye lango la Lodoare, mlango wa kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro. Toka hapo gari hupanda katika msitu na ukungu hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Nalo likitaka kushuka kretani, huteremka kiasi cha mita 600. Masika yakianza, udongo mwekundu wa nyanda hizo huteleza kama sabuni.

Watalii si peke yao wapitao njia hizo. Hupita magari ya halmashauri, gari la wagonjwa liendalo Endulen, na mabasi ya wanafunzi na walimu wao walio ziarani. Usalama wao wote hutegemea vipande vinne vya mpira vinavyogusa ardhi, kila kimoja kikiwa na upana usiozidi sana kiganja cha mtu mzima.

Tarehe 6 Mei 2017, katika mteremko wa Rhotia wilayani Karatu, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 tu ndio waliookoka. Haifai kudai kwamba tairi ndilo lililosababisha msiba huo. Hata hivyo, msiba huo uliwafundisha wote kwamba mteremko uliolowa hausamehe kosa, na kwamba ukaguzi wa gari hauna budi kufanywa kabla watoto hawajapanda.

Tairi hufa kwa njia mbili, nayo moja tu ndiyo ijulikanayo na wengi. Njia ya kwanza ni kulika. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo vya mpira. Meno ya tairi, ambayo mafundi huyaita kashata, yakilingana na vinundu hivyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, kiwango cha chini kabisa katika sheria za nchi nyingi. Lakini hata kabla ya kufikia hapo, tairi lililobakiwa na kina cha chini ya milimita 3 huwa limepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutoa maji kati yake na barabara. Likila upande mmoja, hiyo mara nyingi ni dalili ya magurudumu yasiyopangwa sawa, na kubadili tairi bila kurekebisha chanzo ni kuharibu tairi jingine.

Njia ya pili ni uzee. Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa, hata gari likiwa limeegeshwa. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, huandikwa namba ambazo tarakimu zake nne za mwisho hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na liondolewe likifika miaka 10 toka litengenezwe, hata kama meno yake yangali marefu. Nyufa ndogo za ubavuni, uvimbe na nyuzi zilizochungulia ni hukumu isiyo na rufaa.

Hapo ndipo ofisi nyingi zinapokosea. Gari lililokosa kipuri likalala uani miaka mitatu hurudishwa kazini kwa sababu matairi yake "bado mapya". Tairi la akiba lililoning'inia nyuma ya gari kwa mwaka wa kumi bila kugusa ardhi huandikwa kitabuni kuwa ni mali nzima. Siku likihitajika kati ya Malanja na Oldupai, hupasuka.

Watasema wenye kushika fungu kwamba fedha hazitoshi. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009 na matairi mengi sasa huagizwa kutoka ng'ambo. Lakini ufukara wa fungu haubadili tabia ya mpira. Ikiwa fedha hazitoshi kwa magari matano, yaende matatu yenye matairi mazima. Kupima upepo kila wiki kabla gari halijapata joto hakuhitaji kasma, nako hurefusha maisha ya tairi.

Lililo kubwa ni hili: dereva ndiye anayeliona tairi, lakini mwenye kuamua ni yule anayetia sahihi, naye mara nyingi hayumo garini. Dereva akiomba mara tatu akanyamazishwa, mara ya nne haombi tena. Kwa hiyo uamuzi usiachiwe huruma ya mtu. Kila gari liwe na daftari lenye tarehe ya kutengenezwa kwa kila tairi, pamoja na lile la akiba. Ombi la dereva lijibiwe kwa maandishi. Na anayekataa aandike jina lake. Mwalimu mkuu naye, anapokodi basi la ziara, ana haki na wajibu wa kuinama na kusoma tarakimu hizo nne kabla ya kulipa.

Matairi yanayoondolewa yasiuzwe kwa wenye magari wakarudi barabarani kama mtumba. Yachongwe makatambuga, ambayo wafugaji wa Ngorongoro huyavaa kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo kazi inayolifaa tairi lililozeeka. Kubeba wagonjwa na watoto wa shule si kazi yake tena.