Kopo lisilo na jina, limeandikwa "asilia"

Mhariri,

Mimi ni somo. Kwa zaidi ya miaka 20 nimewaweka wari ndani hapa Tanga, na kazi yangu ni ya liwa, singo na mafuta ya nazi. Sina duka, wala siandiki kujinadi. Nimeudhiwa na neno "asilia" linavyobandikwa siku hizi kwenye kila kopo.

Mwezi mmoja kabla ya harusi nililetewa mwari uso unang'aa kama sinia lililosuguliwa. Nikadhani ni ujana. Nilipompaka liwa akaruka, eti inamchoma. Miaka yote hii sijaona liwa ikimliza mtu. Kumdadisi, akanitolea kopo: krimu "asilia" ya manjano na papai, kauziwa mjini. Halina jina la mtengenezaji, halina anwani, viambato wala tarehe ya kwisha. Nikajipaka mkononi, nikafuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikabaki cheupe. Mhariri, manjano nayajua. Yakiingia kwenye kucha utatembea nayo wiki nzima. Manjano gani hayo yasiyoacha doa?

Akaiacha krimu ile. Baada ya siku chache uso ukavimba, ukawa mwekundu, ukajaa vipele. Daktari wa ngozi akatwambia hizo ni dalili za mtu aliyezoea dawa ya steroidi, jamii ya klobetasoli, ambayo hutolewa kwa cheti, kwa maradhi maalumu na kwa muda mfupi. Ukiipaka kila siku inaikondesha ngozi mpaka iwe kama ganda la kitunguu; ukiiacha ghafla, inalipiza.

Mkorogo wa zamani wa kujichubua tuliutambua kwa macho: uso Fanta, vifundo vya vidole Koka. Tuliambiwa kwamba haidrokwinoni iliyomo huweza kuleta madoa meusi yasiyosikia dawa, na kwamba zebaki haiishii kwenye ngozi bali huingia mwilini ikaumiza figo. Wasichana wakaogopa, wakasema bora vya asili. Kumbe muuzaji yuko palepale anawasubiri. Binti aliyekimbia sumu anauziwa sumu kwa jina la mahali alipokimbilia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkorogo wenyewe, maana mwenye mkorogo angalau alijua anachojipaka.

(Nisieleweke vibaya: si kila cha asili ni salama. Ndimu ni ya asili. Ipake usoni kisha utoke jua la saa sita, uone.)

Tulikwenda hadi dukani alikouziwa. Muuzaji hakukana wala hakuomba radhi. "Bi mkubwa, zote ziko hivyohivyo," akasema, akaendelea kuhudumia wateja.

Mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini ulihamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS), na orodha za vilivyopigwa marufuku zipo. Lakini orodha hutaja majina. Kopo lisilo na jina halimo kwenye orodha yoyote. Na mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kwamba vipodozi vyenye zebaki visitengenezwe, visiingizwe wala kusafirishwa nje baada ya 2025. Ni jambo jema, ila kilichokorogwa chumba cha nyuma, kwa kijiko na ndoo, hakipiti bandarini.

Ninachoomba ni kidogo. Mtu asiruhusiwe kuandika "asilia" kwenye kopo mpaka aandike pia, kwa Kiswahili, kila kilichomo na mahali anapopatikana. Kama ni manjano, aseme ni manjano na nini tena. Mimi niko tayari kuanza: singo yangu ina mawaridi, asumini, mlangilangi, mrehani, karafuu na liwa niliyoisaga mwenyewe juu ya jiwe, na nyumba yangu inajulikana. Akidhurika mtu, atabisha hodi.

Mwari wetu aliolewa ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi, na picha za siku ile hataki kuziona. Kopo ninalo, limebaki nusu. Mkaguzi atakayetaka kulipima aje alichukue.

Somo wa Ngamiani,
Tanga