Mombasa hadi Jeddah: Mwendo wa Saa Nne, Matayarisho ya Siku Nzima



Familia ikiazimia kwenda Umra, swali la kwanza nyumbani huwa: Jeddah ni mbali kiasi gani? Mombasa na Jeddah ziko karibu katika mstari mmoja, hii kusini na ile kaskazini. Ndiyo maana sisi wa Mombasa, tukisimama kuswali, huelekea kaskazini. Kwa mstari ulionyooka, baina ya uwanja wa ndege wa Moi na ule wa Mfalme Abdulaziz pana takriban kilomita 2,860. Wazee wetu waliungoja upepo wa kusi uyasukume majahazi yao upande huo, wakakaa baharini majuma kwa majuma.

Leo wengi wetu hupitia Nairobi. Kufika huko ni kama saa moja angani. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta husalia takriban kilomita 2,570, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa saa nne hivi. Saa yetu na ya Saudia ni moja, basi hata nyakati hazitupotei.

Lakini wepesi huo ndio unaotughafilisha. Atokaye kwetu huwa sawa na Yalamlam, mikati ya watu wa Yemen, angali angani, kabla ya kutua Jeddah. Ndege iliyo katika kasi yake hukata kama kilomita 14 kwa dakika moja. Mwenye kusinzia dakika kumi ameshaacha nyuma kilomita 140. Na kwa kauli ya wanazuoni wengi, aliyekusudia Umra akaivuka mikati bila kuhirimia, hana budi kurudi huko ahirimie, la sivyo atalazimika kuchinja. Ni huzuni iliyoje kwa baba kusikia tangazo la mikati, ilhali shuka zake za ihramu zimo katika sanduku lililopakiwa tumboni mwa ndege!

Kwa hivyo, akina mama, ambao ndio wafungaji wa mizigo, tunawausia haya. Shuka za ihramu ziwe katika mkoba wa mkononi, au zivaliwe kabla ya kupanda ndege, kisha nia iletwe mikati inapokaribia. Koga lifanyike nyumbani. Nanyi vazi lenu la stara latosha. Aliye katika hedhi asidhani kwamba mikati haimhusu: naye hukoga na kuhirimia, ila huakhirisha tawafu mpaka atoharike. Dawa za wazee na chakula cha watoto visitengane nanyi.

Tena msihesabu saa za angani pekee. Mkijumlisha kungoja viwanjani, ukaguzi wa pasipoti, na karibu kilomita 100 za barabara kutoka uwanja wa Jeddah hadi Makka, siku nzima huwa imekwisha. Mzee aliyeambiwa "ni saa nne tu" huchoka mwili na moyo pia. Aliyeambiwa ukweli hujiandaa kwa subira.

Masafa yamefupizwa, na hiyo ni neema, matayarisho hayakufupizwa. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote walionuia, na awatakabalie. Amin.