TAHARIRI: LORI LA BULABO LILIPIWE NA CHAMA



Mwezi wa sita huo unabisha hodi, na msimu wa kununua pamba nao ndio huo. Kama ilivyo kila mwaka, mambo mawili yatagongana: mizani hapa ghalani, na ngoma kule Bujora. Kikundi chetu cha ngoma kimeleta maombi mawili kwa bodi. La kwanza, chama kilipe lori la kuwapeleka wachezaji Bulabo na kuwarudisha. La pili, mizani ifungwe siku nzima ya kilele ili kila mtu aende. Maombi yote mawili yataamuliwa na mkutano mkuu Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, hapa hapa ghalani.

Maneno yamekuwa mengi vilabuni na kisimani. Wapo wasemao chama ni cha pamba, si cha ngoma, na anayetaka kurukaruka ajilipie nauli. Gazeti hili linasema lori lilipiwe. Tusikilizane.

Kwanza kwa vijana, na kwa wenzetu waliohamia hapa juzi juzi. Bulabo kwa Kisukuma ni maua. Ni sherehe inayofuata sikukuu ya Ekaristi, nayo huhesabiwa kutoka Pasaka, ndiyo maana tarehe yake huhama mwaka hadi mwaka. Padre David Clement, Mkanada, ndiye aliyejenga makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Wamisheni wengi wa zamani walizipiga vita ngoma zetu, yeye akazikaribisha kwenye sikukuu. Leo hii pale uwanjani hakuna anayeulizwa dini yake.

Na shindano lenyewe kila mzee hapa analijua: Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanapiga kwa wakati mmoja. Kwa desturi hakuna refa wala filimbi. Watu wenyewe ndio waamuzi. Wakichoshwa na ngoma yako wanahamia kwa mwenzio, unabaki na vumbi lako. Ningi aliyelala bila kutunga wimbo mpya huaibika mchana kweupe. Huo ndio ubora wa Bulabo, na ndiyo sababu yetu kubwa ya kutaka kikundi kiende.

Maana hebu tuseme ukweli. Kikundi chetu siku hizi kinacheza wapi? Kinacheza kupokea wageni. Tangu Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni Desemba 1962, ngoma zimepewa heshima ya jukwaa la serikali, na heshima hiyo tunaishukuru. Lakini mgeni ana haraka. Ngoma inapewa dakika kumi, nyimbo ni zile zile tatu, majembe yamepakwa rangi hayajagusa udongo, na mwisho wachezaji wanagawiwa soda. Kijana akilelewa hivyo atajua bugobogobo ni mchezo wa kurusha jembe mbele ya gari. Hatajua kwamba ngoma ile ilikuwa ya kulimia!

Wazee wetu walilima kwa elika. Nsumba ntale aliwakusanya basumba, ngoma ikawekwa shambani, mpini ukapanda na kushuka kwa mdundo, na aliyetaka kulegea aliona aibu kuuharibu mdundo wa wenzake. Mwenye shamba alitoa chakula, au ng'ombe kama shamba ni kubwa. Huo ulikuwa ushirika kabla ya katiba na mihuri. Shirikisho la vyama vya pamba la Victoria lilipoundwa mwaka 1955 halikuwakuta Wasukuma hawajui kufanya kazi pamoja. Na vyama vikuu vilipovunjwa na serikali mwaka 1976, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha, watu waliendelea kualikana kulima, maana elika haikuwa na daftari la kufutwa. Sasa anayesema chama na ngoma ni vitu viwili mbalimbali, sijui ushirika wake aliupata wapi.

Spika kubwa za harusini hatuzilaumu, sote tumezicheza, hata mzee fulani tulimwona. Hofu yetu ni nyingine. Ningi wetu ni mzee sana sasa. Nyimbo za shamba anazo kichwani, na vijana waliokaa naye kujifunza ni wawili tu, mmoja wao yuko Mwanza na bodaboda. Bila shindano la kumlazimisha kijana kutunga, nani atajisumbua? Video za simu zinahifadhi wimbo ulioimbwa jana. Wa kesho lazima autunge mtu.

Kwa hiyo lori, ndiyo. Ila fedha ni za wanachama wote, pamoja na wasiocheza, hivyo tunataka mkutano uweke masharti. Tunza zote zihesabiwe mbele ya watu na ziandikwe siku ile ile, kisha hesabu ibandikwe ukutani hapa. Mara iliyopita zilihesabiwa usiku, na manung'uniko yake hayajaisha hadi leo. Akina mama wapande lori kama wachezaji, wasipandishwe kama wapishi. Tena kikundi kilipe deni lake kwa jembe: pamba ikishavunwa, ile miti inatakiwa kung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke msimu. Wajane na wazee wasio na nguvu kila mwaka wanachelewa, na wadudu wao wanakuja kwetu sote. Basi kikundi kitoe siku za elika kwenye mashamba hayo, na ngoma ipigwe hapo hapo shambani. Watoto wataona jembe la bugobogobo likifanya kazi yake.

Kuhusu kufunga mizani siku nzima, hapo tunapingana na kikundi. Bibi aliyesukuma mzigo wa pamba kwa baiskeli ya kuazima tangu alfajiri hawezi kuambiwa karani kaenda ngomani. Yapo madaftari na sare zinazongoja pesa hiyo. Mizani ifunguliwe mapema, ifungwe adhuhuri, na karani mmoja abaki kwa zamu. Atakayebaki mwaka huu, mwakani awe wa kwanza kupanda lori.

Wengine wameuliza habari za Bagamoyo, kwenye tamasha la kila mwaka la chuo cha sanaa, kile kilichoanzishwa 1981 na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Ni jambo zuri, ila ni mbali na gharama ni kubwa. Tuanze na Kisesa.

Wazazi, mtoto asiende bila mtu mzima wa kumwangalia. Kila mwaka wapo wanaojipenyeza hadi miguuni pa bayeye kumwona chatu, halafu wanapotea kwenye umati.

Mazoezi ni Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja jioni, nyuma ya ghala. Ngoma kubwa moja imepasuka ngozi. Mwenye ngozi ya ng'ombe iliyokauka vizuri amwone katibu kabla ya Jumamosi, atalipwa.

Mhariri